Fulana za Ukoo wa Lemauga

Logan, Queensland
4 Agosti 2024

Bibi Akenese,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu ile shikamoo yangu ya Jumapili kwenye simu ilipokelewa na nyumba nzima, watoto wa jirani, na nadhani hata mchungaji aliyekuwa akipita njiani. Simu yenu haijawahi kusikilizwa na mtu mmoja. Nami unanijua: wakifika watu watatu tu, ulimi wangu unakwenda likizo. Basi nimelikubali sharti lako. Nitaandika, kwa Kisamoa, na wewe unisahihishe kwa kalamu nyekundu kama enzi zako za ualimu. Ukiona sentensi inachechemea usishangae. Siku tano nasoma kwa Kiingereza. Kisamoa ni Jumamosi asubuhi tu, nyuma ya kanisa, na nusu ya kipindi tunakula.

Sisi wazima. Baba mgongo unamsumbua, ila anasema chifu mtarajiwa halalamiki, kisha analalamika. Mama kabadilishiwa zamu hospitali. Kaka Ualesi amefuga masharubu. Ukitaka kuyaona lazima usimame naye juani.

Sasa, nina jambo. Kwenye kikao cha ukoo cha huku waliuliza nani atatengeneza fulana za Krismasi, siku Baba atakaposimikwa kuwa Lemauga huko kijijini. Watu wote wakatazama dari. Mimi nilichelewa kutazama dari. Ndivyo nilivyopata kazi: fulana za rangi moja kwa ukoo mzima, na mgongoni mti wa ukoo, tangu Lemauga wa kwanza hadi kitoto cha mwisho.

Nikaona kuulizana na watu kutanitesa, maana kuuliza ni kuongea. Nikajiunga na tovuti moja ya nasaba, ya wale wanaosema ukiweka majina machache, mashine yenyewe itakutafutia mengine. Bibi, imetafuta.

Kwanza, haijui kwamba Lemauga ni jina la uchifu, kwamba mtu akisimikwa analivaa, akifa analivua, mwenziwe analivaa. Imemwona Lemauga kwenye vitabu vya wamisionari, ikamwona Lemauga kwenye orodha ya waliokufa kwa homa ya mwaka 1918, ikamwona Babu, ikamwona na Baba ambaye nilimwandika mapema kwa kiherehere changu, ikakata shauri: huyu ni mtu mmoja. Kazaliwa 1841. Amekwisha kufa mara tatu na bado yu hai. Ameoa wake wanane. Wewe ni wa saba, Mama ni wa nane. Mama hajacheka.

Tena, kijiji chetu haikukijua, ikatuhamishia mji mmoja wa Norwe. Kwa hiyo kila mama wa ukoo huu, siku zake zikikaribia, anapanda meli akajifungulie kwenye theluji, halafu anarudi kisiwani kwetu Savai'i kupalilia magimbi. Kwenye jina lako imeweka picha ya mwanamke mwenye nywele za manjano, kashika ndoo ya maziwa. Nikimwondoa, kesho yake amerudi. Na ile picha ya baba yake Babu, ya ukutani, wameichezesha: anageuza shingo, anatabasamu, anakonyeza.

Yote hayo niliyakubali mwenyewe, Bibi. Mashine ikiuliza, "Una hakika?" mimi naona haya kuijibu kwamba sina. Hata ilipomleta mtu anayeitwa Fuatino, binti wa Akenese, aliyebatizwa kijijini kwetu mwaka 1956, ikauliza, "Je, huyu na wewe ni mtu mmoja?" nilicheka nikabofya ndiyo. Nilidhani imekosea tena, mwaka na ujukuu pamoja. Ila baadaye nikajiuliza jambo ambalo sijawahi kuuliza: mimi niliitwa jina la nani?

Nitumie vipimo vya fulana vya watu wa huko. Barua hii analeta Mjomba Pelenato. Ipo kwenye mfuko wa plastiki kati ya mafuta ya nywele na nyama za kopo.

Mjukuu wako, anayejificha nyuma ya karatasi,
Fuatino

*

Salemalu, Savai'i
30 Agosti 2024

Mjukuu wangu Fuatino,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Barua yako nairudisha na wekundu wake. Umepata sita kwa kumi. Ingekuwa saba, lakini umeandika "kiherehere" kwa fahari mno.

Huku mvua. Mti wa shelisheli umeangukia choo, hakuna aliyekuwemo, tunamshukuru Mungu. Nasuka mkeka wa heshima wa siku ya baba yako. Macho yanakataa, vidole vinakubali, basi navisikiliza vidole.

Hilo la wake wanane niliwasomea akina mama baada ya mazoezi ya kwaya. Wengine walilala chini. Yaani miaka yote ile nadhani niko peke yangu na yule mzee, kumbe nina wake wenza saba, na mmoja alizikwa kabla sijazaliwa! Mwambie mama yako asinune, mke mdogo ndiye hudekezwa. Wale wakubwa, kama mashine yako ina anwani zao, waje tusaidiane kusuka.

Yule wa ndoo mwache. Ana mikono ya mchapakazi, na mimi sikuwahi kupiga picha nzuri hivyo. Lakini baba mkwe wangu kukonyeza, hapana! Mzee yule hakutabasamu hata siku ya harusi yangu. Alinitazama kama gimbi lililooza. Tafadhali mrudishe anune, watoto wanaogopa.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii, nyumba nzima, kuanzia watoto. Mimi niandikie kubwa. Si unene, napenda hewa.

Kuhusu jina: jina ni jina. Ulipewa zuri, litunze. Yule nguruwe mweusi amezaa, na jike moja limetoka na doa jeupe mgongoni kama aliyevaa fulana yako.

Jumapili ya watoto inakuja mwezi wa kumi. Nasikia umepewa aya ya kusoma mbele ya kanisa. Simama wima. Kohoa kabla, si katikati.

Bibi yako, mke wa saba,
Akenese

*

Logan
21 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo, na pole kwa choo. Sisi hatujambo. Ualesi amenyoa masharubu na hakuna aliyegundua mpaka alipotangaza mwenyewe mezani. Sasa naye analipizia kwangu: ananiita "Ajuza".

Nikuambie kwa nini. Ile tovuti haitosheki kuunganisha watu. Ikishawaunganisha inawatungia na historia ya maisha. Yangu imeandika hivi: "Fuatino alizaliwa Norwe mwaka 1956. Akiwa na miaka sitini na minane alijiunga na darasa la kumi na moja huko Logan, Queensland. Anapenda netiboli, ingawa hakuchaguliwa kwenye timu." Hilo la netiboli nililiandika mimi nilipojaza ule ukurasa wa kujieleza. Sikujua linasomwa na ulimwengu. Kama ningejua, ningedanganya.

Umenijibu kila swali, Bibi, na mengine nisiyouliza. Ila kwenye jina ulisema jina ni jina, ukanikimbilia kwa nguruwe. Nisingekusumbua tena, mimi si mtu wa kusumbua. Lakini kuna kitu kimetokea, na nimekaa nacho muda kama mtu aliyefungiwa chumbani na nyuki.

(Hapa naanza ukurasa wa tatu, naandika haraka nisije nikaghairi, basi usinikate maksi za mwandiko.)

Nilipata ujumbe kupitia ile tovuti. Nakunukulia ulivyo:

"Wewe uliyeandika maisha yangu, hujambo? Mimi ndiye Fuatino binti wa Akenese. Binti yangu kanisomea hapa mpaka chai ikanitoka puani. Sikumbuki kuanza darasa la kumi na moja mwaka huu. Wala sijui Norwe iko upande gani. Na nani kakwambia niliachwa kwenye timu ya netiboli? Nilikuwa mfungaji, muulize yeyote wa Salemalu! Wewe ni nani hasa?"

Nikamjibu mimi ni binti wa Setefano. Baada ya siku kadhaa akaandika mstari mmoja: "Setefano alikuwa mgongoni kwangu nilipokuwa nachuma kakao. Sikujua ana mtoto mwenye jina langu."

Bibi, mimi sikujua kama Baba ana dada. Nilimuuliza tukiwa tunakula. Akaacha kutafuna. Akaondoka kwenda kuosha gari, na gari alikuwa ameliosha asubuhi.

Shangazi anakaa Invercargill, kule chini kabisa Nyuzilandi, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nyama ya kondoo mpaka alipostaafu. Ananiuliza mambo madogo tu. Kama ule mwamba wa kufulia bado upo. Kama bado unasuka. Jana ameuliza kama ni kweli mdogo wake anasimikwa Krismasi, na kama mtu akija bila kuitwa atapewa pa kukaa.

Mimi sikujibu. Si langu kujibu. Nimwambie nini?

Fuatino wako (yule mdogo)

*

Salemalu
12 Oktoba 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Barua yako ilifika imelowa. Ukurasa wa kwanza na wa pili nimezisahihisha, hizi hapa. Umepata saba kwa kumi. Ukurasa wa tatu wino ulikimbia wote, sikuweza kusoma kitu.

Mkeka unaendelea. Jua limetoka. Kesho ni Jumapili ya watoto, nitakuombea.

Mwambie baba yako apake mafuta ya nazi mgongoni.

Akenese

*

Logan
27 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Asante kwa saba kwa kumi, sijawahi kufika huko.

Habari za Jumapili ya watoto kwanza, kwa sababu utazipata tu kwa watu. Nilivaa nyeupe kuanzia kichwani. Nilisimama wima. Nilikohoa kabla. Halafu nikaona mama yake Mjomba Pelenato ananitazama kwa upendo mwingi, na aya yote ikaniponyoka kama sabuni. Nikabaki nimesimama pale kama mshumaa. Katoto ka darasa la kwanza kakaanza kunisomea kwa sauti kutoka benchi la mbele, nikawa nakafuatisha, neno kwa neno, kanisa zima linasema "Amina" kwa kunionea huruma. Ualesi anasema huo ndio uzee, kumbukumbu zinapungua.

Sasa nisikilize Bibi, na unisamehe, maana haya nisingeweza kukuambia uso kwa uso hata kwa mjeledi.

Mjomba Pelenato aliniapia kwamba ile barua ilikuwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ndani ya sanduku, kwenye ndege. Ule ukurasa wa pili ulionirudishia ni mkavu kama biskuti. Barua ya kwanza ulinirudishia yote, hata bahasha uliipigia mstari mwekundu. Safari hii ukurasa wa tatu hukuurudisha. Mtu hatunzi karatasi isiyosomeka.

Basi nauandika tena, kwa kifupi, kwa wino wa kalamu ya Baba ya kazini ambayo haitoki hata kwa jiki.

Shangazi yupo hai. Anauliza kama atapewa pa kukaa.

Nilimuuliza, nilijikaza nikamuuliza kwa simu, tena kwa sauti, kwa nini hakuja kumzika Babu. Baba hakutaka kunieleza, ila Mama alininong'oneza kwamba hilo ndilo lililofanya jina lake lisitajwe tena nyumbani. Mtu asiyekuja kumzika baba yake, chifu, na jamaa wote wametoka mbali na mikeka yao ya rambirambi, amejikata mwenyewe kwenye ukoo. Nimeelewa hivyo. Lakini alinijibu hivi, naye alikuwa akitafuta maneno:

"Sikuwa na kibali, mwanangu. Nilikaa huku miaka bila karatasi. Wenzangu waligongewa milango alfajiri wakarudishwa na nguo za kulalia. Ningetoka kwenda kuzika, nisingeruhusiwa kurudi, na nilikuwa na wawili wadogo, mmoja ananyonya. Nikamwambia mama yako kwenye simu nitakuja, nitakuja, mpaka siku ikapita. Ningemwambiaje kwamba binti wa Lemauga anajificha kabatini polisi wakipita? Niliona afadhali adhani nina kiburi."

Nikamwambia, Shangazi, aliyepokea simu hakuwa mama yangu, ni mama yako. Akacheka, akasema ni kweli, nimechanganya, na mimi nimekuwa mashine. Halafu akalia, na mimi nikalia, na kwa kuwa sijui kuongea na mtu anayelia nikamuuliza kuhusu kondoo.

Bibi, hataki kuja bila neno lako. Akasema pia kwamba ukikataa, nimfute kwenye mti kabisa, hataki kuwa doa mgongoni kwa watu siku ya Setefano. Mtu wa fulana anataka mchoro kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha. Lemauga wote nimewatenganisha, kila mmoja na mke wake. Norwe tumehama. Baba mkwe wako ananuna. Wa ndoo peke yake ndiye aliyebaki, kwa heshima yako.

Na sisi wawili nimetutenganisha: Fuatino wa 1956, Fuatino wa 2008. Lakini kila nikifungua tovuti asubuhi mashine inaniuliza tena: "Una hakika hawa si mtu mmoja?" Ni mara ya kwanza maishani nimeikatalia mashine. Nabofya hapana, nabofya hapana. Kesho inauliza tena.

Sijui nimuweke au nisimuweke. Nakungoja wewe.

Fuatino

*

Salemalu
18 Novemba 2024

Mjukuu wangu Fuatino,

Marahaba, mwanangu. Marahaba sana.

Mvua imekata. Nguruwe mwenye doa amekua, watoto wamemwita Fulana, sasa hatutaweza kumchinja. Mkeka wa baba yako nimeumaliza Alhamisi. Kona moja si nzuri. Nilikuwa nasuka huku nasoma.

Ukurasa wako wa tatu haukulowa. Nimeuweka chini ya godoro, na huu wa pili nimeuweka juu yake. Mwalimu mzima nimetunga uongo ambao mtoto wa darasa la tatu angeukamata. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mwandiko.

Tulipomzika babu yako nilikaa siku zile zote nimeelekea barabarani. Gari likisimama, nahesabu wanaoshuka. Mikeka inaletwa, inatandazwa, inatajwa kwa sauti, watu wananisifia, mimi naangalia basi. Hakushuka. Nikaambiwa hakuja kwa sababu hakutaka. Aliyeniambia hivyo ni mimi mwenyewe, na kwa kuwa huwa sikosei, nilijiamini.

Kuhusu polisi na kabati sikujua. Ningejua, sijui ningefanya nini. Labda ningekasirika vilevile, maana nilikuwa bado nina nguvu za kukasirika. Hilo usimwambie. Au mwambie.

Uliniuliza uliitwa jina la nani. Baba yako alipopiga simu kusema amepata binti, nyumba nzima ilikuwa inasikiliza, kama unavyotusema. Nikamwambia, mwite Fuatino. Watu sebuleni wakatazamana, na yeye kule akasema, haya Mama. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilitaka tu kulitamka lile jina kwa sauti kubwa mbele ya watu, bila mtu kudhani namwita yeye. Miaka kumi na sita nimepiga kelele kwenye simu, "Fuatino yuko wapi? Fuatino amekula? Mpeni simu Fuatino!" nawe unakuja unanong'ona shikamoo unakimbia. Ulidhani nakuita wewe peke yako. Nilikuwa nakuita wewe, lakini si peke yako.

Kwa hiyo usiicheke sana mashine yako. Mimi ndiye niliyeanza kuwaunganisha, kabla yake, na mimi sikuuliza mtu kama nina hakika.

Mweke yeye, ujiweke na wewe. Yeye juu, wewe chini, kila mtu na mwaka wake. Ikiuliza tena, iambie bibi yenu amesema ni wawili, na wote anawataka.

Mwambie atalala chumba cha mbele, kile chenye dirisha la upande wa kakao. Mwamba wa kufulia upo. Aje na koti jepesi, amesahau joto letu. Na akifika asianze kuniomba msamaha mbele ya watu, ataniharibia kona nyingine. Aje tu jikoni, kuna nazi za kukuna.

Wewe siku hiyo ndiye utakayesoma majina ya ukoo mbele ya watu wote, nimekwisha kumwambia mchungaji. Usitazame dari. Shangazi yako atasimama nyuma yako. Ukisahau, mmoja wenu atakumbuka.

Kile kipimo cha fulana nilichokosa kuandika mwezi wa nane, andika sasa. Alikuwa mwembamba alipoondoka, lakini wewe mwenyewe umesema kiwanda cha nyama. Mwandikie kubwa, kama yangu.

Bibi yenu,
Akenese